Gundi Isiyoshika

Wifi yake fundi alikuwa ameshamimina wino kwenye fremu ya kuchapia, anamsubiri yeye tu. Fundi alitandaza gundi ya maji kwenye ubao wa kulazia fulana, nyembamba kama utando wa maziwa, akaiacha ikauke kidogo. Kisha akaigusa kwa kidole. Gundi nzuri hushika ngozi, halafu huiachia.

Hii haikumshika.

"Imejaa nyuzinyuzi za fulana," alisema, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji, maana ndivyo inavyoamshwa ishike tena. Akagusa tena. Wapi! Akaongeza gundi, akalaza fulana.

Kuchapa walichapa vizuri. Kazi ilikuwa kubandua: fulana iling'ang'ania ubao kama kupe, ikavutika mpaka shingo ikalegea.

"Wifi, hii ni gundi au mtego wa panya?" mwenzake alicheka.

Fundi hakucheka. Aliweka kiganja cha kushoto ubaoni, kikanaswa palepale. Akaweka cha kulia. Alipokiinua aliona kwa macho jinsi ngozi ya vidole ilivyovutika, lakini vilikuwa kama vidole vya mtu mwingine.

"Ni baridi tu," alisema, akiusugua mkono kwenye aproni. "Usimwambie kaka yako."

"Baridi gani, na jasho linakutoka? Hebu lete huo mkono."

Alimpa, akageuza uso ukutani, akauma meno.

"Haya, nifinye."

Alisubiri.

"Wifi, si unifinye?"

"Nakufinya, wifi."