Ndiyo ya Ato Gebeyehu

Ato Gebeyehu aliwafukuza wazee tena.

Aliwafukuza kwa heshima zote, kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekwisha kushiba. Alianza na kusema binti yake bado anasoma. Kisha akasema nyumba ya huyo kijana anayeposa haijulikani iko upande gani wa Addis. Wazee walipozidi kumsihi, akasema juzi aliota ndoto, na ndoto yenyewe haikuwa nzuri. Katika hayo yote hakuna hata moja lililoandikwa kwenye karatasi aliyopewa.

"Kata," alisema Tsigereda, akajifunika uso kwa viganja. Mabega yalimtetemeka kwa kicheko.

Tsigereda alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya sinema, na shahada yao hailali darasani. Ni ya mikono. Leo unaongoza, kesho unabeba nyaya za mwenzako, keshokutwa unashika taa mpaka mkono unakufa ganzi. Filamu ya kumalizia, kama alivyomweleza baba yake, ilikuwa fupi na nyepesi: wazee watatu wanakuja kuposa, baba anakubali, basi. Binti mwenyewe haonekani. Mwigizaji wa kuwa baba, alisema, kaamka na homa, ndiyo maana anamwomba yeye.

Wazee aliwaleta Nahom, mpiga picha wake, kutoka mtaani kwao. Nahom ndiye aliyekuwa na alama za juu za kamera katika mwaka wote. Lakini siku hiyo alikuwa akipangusa viganja kwenye suruali kama mtu aliyeshika samaki.

Kukataa, mzee Gebeyehu alikujua sana. Tangu Pasaka alikuwa akirudisha wazee wa kweli pale langoni, bila hata kuwauliza wametumwa na nani. Mtoto wangu amalize chuo kwanza, alikuwa akisema, halafu anafunga lango na kurudi kwenye redio yake.

Kwa hiyo Tsigereda alichuchumaa mbele ya kiti chake, akamweleza polepole kwamba huu ni mchezo tu, hakuna anayeolewa kwenye mchezo, na mahali hapa panatakiwa ndiyo.

"Mwanangu," alisema baba yake, "neno la baba mbele ya wazee halirudi tumboni. Hata ukilitoa kwa mzaha, limeshasikika."

"Lakini bila hiyo ndiyo nimekwisha, Baba."

Hapo hakuwa akitania. Wazee walikwisha kusema kwamba hawatarudi siku nyingine. Miaka minne mizima ilikuwa imening'inia kwenye neno moja la mtu mgumu kama jiwe la kusagia.

Wazee wakatoka nje, wakaingia upya. Mama yake Tsigereda alikuwa ametandaza nyasi mbichi sakafuni kama siku ya sherehe, na shuka lake jeupe alilojitanda lilikuwa jipya, hata mkunjo wa dukani haujatoka. Tsigereda alikwisha kumwambia kwamba yeye hamo kwenye picha. Mama akajibu kwamba awemo asiwemo, wageni hawapokelewi kwa matambara, akaendelea kukaanga kahawa yake mpaka nyumba nzima ikanukia.

Wazee walisimama mlangoni, wakakataa kuketi wala kuonja chochote mpaka wajibiwe. Mkubwa wao, Ato Demissew, badala ya kuchoka alikuwa anazidi kunoga. Aliutaja ukoo wa kijana mpaka kwa babu wa babu. Akasema kijana hanywi, havuti, anamheshimu mama yake, na jicho lake linaona mwanga mahali wengine wanaona giza.

"Na huyo kijana wenu anakula nini?" aliuliza Ato Gebeyehu. "Huo mwanga?"

Mwanafunzi aliyeshika mti wa kinasa sauti akacheka, mti ukayumba ukampiga mzee mmoja kilemba. Nahom akakohoa nyuma ya kamera.

"Atakula atakachopika mwenyewe," alijibu Ato Demissew, akiweka kilemba cha mwenzake sawa. "Maana tumeulizia, na tumeambiwa binti yako hata dengu anaziunguza."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Ato Gebeyehu alicheka, na alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akaikunja leso. Akawatazama wazee mmoja mmoja, halafu akaitazama kamera, kitu ambacho Tsigereda alikwisha kumkataza. Tsigereda akampungia mkono atazame pembeni. Mzee akaitazama kamera tena, bila haraka, kama mtu anayesoma saa ya ukutani.

"Haya, ketini," alisema. "Nimewapa. Binti yangu ni binti yenu."

Wazee wakainama mpaka chini, wakaushika mguu wake. Kutoka jikoni vigelegele vikapasuka kabla hata birika la kahawa halijatua. Nahom alikuwa amekumbatia miguu ya kamera kama mtu aliyeokolewa mtoni, na Tsigereda, aliyefundishwa miaka minne kwamba mwongozaji hasahau kusema kata, alisahau. Alipokumbuka, neno lenyewe lilitoka nusu, nusu nyingine ikabaki kwenye machozi na kicheko.

Ato Gebeyehu hakuinuka kitini. Alipokea kikombe chake, akapuliza mvuke, akaonja.

"Nahom, mwanangu," aliita, "acha hicho chuma, njoo ubusu magoti ya baba mkwe wako. Na siku nyingine wewe na binti yangu mkitaka kunidanganya kwa sinema, toeni kwanza kifuniko kwenye jicho la kamera."