Mbao Mbili

Kwa miaka minne gari langu la mbio nimekuwa nikiliacha barabarani. Njia ya kuingilia kwa wazazi ina mwinuko mkali, na gari lenyewe liko chini mno. Hata tuta dogo hukwaruza bampa. Mama hushuka, tunaongea dirishani, naondoka. Baba, fundi seremala, huliita sahani na hatoki ndani.

Leo magoti ya Mama yaligoma, na daktari alikuwa akimsubiri.

Baba akatoka na mbao mbili zilizochongwa kama kabari, akazipanga pale mwinuko unapoanzia. Kisha akalala kifudifudi, shavu kwenye saruji, akichungulia chini ya bampa.

"Njoo. Polepole. Vimebaki vidole viwili. Njoo tu."

Gari lilipanda hadi mlangoni bila mkwaruzo hata mmoja.

Nilishuka kuzitazama zile mbao. Zilikuwa zimepauka, na misumari yake imeshika kutu.

"Baba, hizi umezitengeneza lini?"

Alijipangusa vumbi shavuni.

"Wiki ile uliyolinunua," akasema. "Kamshike mama yako mkono."