Hakuna Anayecheza na Chui

Alikuwepo Chui mmoja, na alitaka kila mtu ajue kwamba yupo. Siku moja alisikia muziki mnene, akawavamia kanga waliokuwa wakikata viuno.

"Kuna harusi hapa?" akafoka.

"Hakuna, baba," akajibu Bi Madoa, kanga mzee.

"Mnaomba mvua?"

"Wala."

"Sasa mnacheza ili iweje?"

"Tunacheza tu."

"Zimeni! Msitu mzima huu, hakuna anayecheza na mimi!"

Muziki ukazimwa. Kanga wakatazamana kwa huruma.

"Hakuna hata mmoja?" akauliza Bi Madoa. "Pole, baba. Tangu lini?"

Chui alifungua kinywa angurume, akajikuta anafikiri. "Tangu... tangu nizaliwe," akasema, na mdomo ukamtetemeka.

"Jamani! Washeni! Mpisheni baba katikati!"

Chui alicheza mpaka mkia ukafa ganzi.

Kesho yake asubuhi Fisi, mpenda umbea, alimkuta amejilaza. "Mzee, nasikia jana ulikata kiuno."

"Fisi, usicheze na mimi!" akanguruma Chui.

Fisi akarudi nyuma.

"Leo," akaongeza Chui taratibu. "Kiuno kinauma. Njoo Jumamosi."