Mstari Usio na Jina

Salha alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, kama ilivyo desturi yake akifanya kazi peke yake nyumbani, wakati programu aliyokuwa akiiandika ilipokubali kufanya kazi.

Kompyuta ilikuwa ikimwonyesha orodha ya miunganisho yake yote ya mtandao, ila mmoja haikusema ni wa aina gani. Kiini cha mfumo, programu ya ndani kabisa inayoiendesha kompyuta, kilijua, lakini hakikuwa na njia ya kumwambia mtu. Leo, kwa programu yake, Salha alikuwa amekifungua mdomo. Mstari uliokuwa ukisomeka "haijulikani" sasa ulisomeka "sauti, inatumwa nje".

Hakuwa amempigia mtu yeyote simu.

Pembeni ya maneno hayo tarakimu za kiasi kinachotumwa zilikuwa zikipanda. Akaacha kuimba, zikasimama. Akakohoa, zikaruka kidogo, kisha zikatulia. Aliitazama ile kompyuta, zawadi ya mumewe, ambaye aliitoa kwenye boksi na kuiandaa mwenyewe hata asimruhusu kusaidia.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kukata muunganisho simu ilipolia.

"Mke wangu," alisema Mbarouk kutoka ofisini kwake, "mbona umenyamaza?"

"Koo limenikauka."

"Pole. Kunywa maji, halafu uendelee."

Salha aliweka simu mezani. Akiukata mstari ule, Mbarouk atajua mara moja. Akaondoa kidole taratibu, akaanza kuimba pale pale alipoachia, macho yakiwa kwenye tarakimu zilizokuwa zikipanda.