Boti Mbili Uani Ilomba

Tarehe 9 Agosti 2025, asubuhi ilikuwa ya baridi na upepo mkali.

Sekela na mumewe walikuwa uani kwa muuzaji, Ilomba, wakichagua boti ndogo ya tanga ya kuburudika nayo Ziwa Nyasa. Zilikuwa mbili, kila moja na matumbo mawili, yaani viunzi virefu vya mbao vinavyoelea, vilivyounganishwa sambamba. Mume alitaka ile nyembamba, yenye kasi zaidi.

"Baba, hiyo itapinduka na mtoto wetu," alisema Sekela.

"Mama, unaogopa boti iliyo juu ya nyasi?" Mume alicheka, akapandisha tanga.

Upepo ulishuka mlimani. Boti ikainuka upande, na mti wa chini wa tanga ukamchapa mdomoni. Meno mawili yalidondoka kwenye nyasi, meupe, bado yana nyama.

Alitema damu, akacheka tena. "Umeona nguvu yake? Tunachukua hii. Kesho nampandisha mtoto."

Sekela alinyakua shoka la kuni lililoegemea ukuta wa ua, akapasua tumbo moja la boti. Mume akamkaba shingo. Muuzaji na majirani walikuja mbio kuwaachanisha.

Sekela hakuachia shoka.

"Mbele yenu wote, na Mungu ananisikia," alisema. "Ukimpandisha mwanangu boti kama hii, shoka hili halitaishia kwenye mbao."