Ni Kushoto

Mkono wa kushoto uliinuka kuelekeza ukutani kabla Dzifa hajajikumbuka. Wa kulia ulikuwa umeshika kipaza sauti, na jedwali la utafiti wao lilikuwa ukutani: watoto wa darasa la kwanza wanaochapwa kwa kuandika kwa mkono wa kushoto.

Ukumbi mzima wa walimu wanafunzi ukaguna. Kushoto, mkono wa utovu wa adabu, mbele ya maprofesa, jamani!

"Shusha huo mkono, wewe!" mwenzake wa utafiti akamnong'oneza. "Unataka tufeli?"

Kovu la fimbo kwenye kidole cha Dzifa likamwasha, kama siku ile alipochapwa shuleni kwa mkono huohuo. Hakuushusha.

"Samahanini, wakubwa zangu. Ni kushoto," akasema, kama bibi yake alivyomfundisha.

Kwao Ho, mji wa mashariki mwa Ghana, aliyeombwa radhi hivyo hujibu, "Ni mkono," yaani amesamehe. Hapa hakuna aliyejibu.

Kisha kwenye meza ya mbele, yule mama profesa anayeogopwa na chuo kizima akakohoa.

"Ni mkono, mwanangu. Haya, tuonyeshe."

"Asante, mama," Dzifa akasema. "Asante sana."

Mama hakuinua kichwa. Alikwisha kuihamisha kalamu yake kwenda mkono wa kushoto, na alikuwa akiandika bila kusita.