Uzi wa Mama Saruji

Mwalimu wa Kiingereza aligonga ubao. "Neno hili 'line' ni foleni, ni mstari, ni laini ya simu, ni hata ukoo. Lakini lilipozaliwa lilikuwa jina la kitu cha kushika mkononi. Kitu gani?"

Makarani waliokaa mbele katika darasa hilo la jioni la watu wazima wakainamia simu zao kutafuta jibu.

Nyuma kabisa akasimama fundi mwashi, yule waliyembandika jina la Mama Saruji kwa sababu ya viatu vyake vilivyoganda saruji. Miezi mitatu hakuwahi kufungua kinywa.

"Uzi."

"Umebahatisha tu, mama," karani mmoja akacheka.

Mama Saruji alitoa mfukoni uzi wake wa kunyooshea ukuta, akaenda mbele, akausugua kwa vumbi la chaki la ubaoni mwanzo hadi mwisho.

"Shika ncha hii, mwanangu. Usitikisike."

Karani akashika. Mama akauvuta ubaoni hadi ukakazika, akaufyatua kwa kidole. Pa! Ukabaki mstari mweupe, ulionyooka kuliko yote aliyowahi kuchora mwalimu.

"Uzi wa kitani," mwalimu akasema taratibu. "Ndio wenyewe. Neno hili lilitokana nao." Akampa chaki.

Mama akapangusa vidole kwenye sketi, kisha juu ya mstari ule akaandika jina lake, ambalo darasani humo hakuna aliyewahi kumuuliza.